Neno Lililotoka Nkana

Efraimu Siwale alikaza skurubu ya mwisho Jumatatu alasiri, nyumbani kwa Watson mpishi, akarudi nyuma hatua mbili na kukitazama kibao. Kilikuwa kizuri. Bati jekundu linalong'aa kama bakuli jipya, mshale mweupe uliopinda mara tatu kama radi, na chini ya mshale herufi sita: INGOZI.

Alikipangusa kwa kiwiko. Akakitazama tena. Bado moyo haukutulia.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, mwezi wa Julai, na upepo wa kipupwe ulikuwa ukishuka kutoka milimani kuelekea kijiji cha Ruanda, umebeba vumbi jekundu na harufu ya maganda ya kahawa. Shamba lilikuwa la mzungu mmoja ambaye jina lake halisi lilijulikana na posta peke yake. Watu walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa alipiga mluzi kutwa nzima, akiwa na furaha na akiwa na hasira, na waliokuwa wamemzoea walijua tofauti. Miaka miwili nyuma alinunua injini kubwa ya kuendesha mashine ya kumenya kahawa. Injini ikabakiza nguvu. Bwana akaamua nguvu hiyo iwashe taa nyumbani kwake, kisha, baada ya kubembelezwa sana, kwenye mstari wa nyumba nane za wafanyakazi. Aliyezifunga waya nyumba zote hizo ni Efraimu.

Ufundi wa stimu aliupata Nkana, ng'ambo ya mpaka, migodini Rodeshia. Alikaa huko miaka sita. Alirudi na bisibisi saba, koleo lenye mikono ya mpira, na maneno ya huko yaliyomganda mdomoni. Kitu kimoja hakurudi nacho: karatasi. Hakuna aliyempa mtu mweusi karatasi ya ufundi kule Nkana, hata kama ndiye aliyefunga waya wakati fundi mwenye karatasi akinywa chai.

Basi mwezi wa sita ikaja barua kutoka Mbeya. Kila nyumba yenye stimu lazima sanduku lake la fyuzi liwe na kibao cha onyo, kwa lugha wanayoifahamu wakaao humo. Mkaguzi atapita. Nyumba isiyo na kibao itakatwa waya. Na mwishoni, katika sentensi ambayo Danford karani alimsomea Efraimu mara tatu: fundi ambaye kazi yake mkaguzi ataridhika nayo anaweza kuandikwa jina na kupewa kibali.

"Ukipata kibali, unakaa," Bwana Mluzi alimwambia. "Ukikosa, mimi hapana weza weka fundi bila karatasi. Sheria."

Kukosa maana yake ilikuwa moja. Kurudi Nkana. Na kurudi Nkana maana yake ilikuwa kumwacha Teresia, mkewe, ambaye alishamwacha mara moja kwa miaka sita, akamkuta amekuwa mtu mwingine, mkimya, mwenye kuuliza maswali kama mtu anayemuuliza mgeni. Miaka miwili ndiyo kwanza imemrudishia kicheko chake. Efraimu aliapa kimoyomoyo kwamba hatamwacha tena.

Vibao alivipata kwa binamu yake Ezron, mwenye duka dogo ng'ambo ya mpaka, hatua chache kutoka Tunduma. Ezron alivitoa chini ya meza vikiwa vimefungwa kwenye gazeti. "Mukwai, bwana wangu, hivi ndivyo vile vile vya mgodini," alisema. "Vya kwetu. Vile vya Kiingereza vimebaki milangoni kwao." Vilikuwa tisa. Efraimu alivishika akasikia kama ameshika mkono wa mtu anayemfahamu. Neno hilo alilisoma kila siku kwa miaka sita, kwenye kila mlango wa chumba cha stimu, kwenye kila nguzo. Ingozi: kaa mbali, utakufa. Hakuna mtu wa Nkana ambaye angehitaji kuelezwa.

Cha kwanza alikifunga nyumbani kwake, wiki mbili kabla, kuona kinavyokaa. Nyumba yake haikuwa kwenye mstari. Ilikuwa peke yake, nyuma ya banda la injini. Sanduku lake la fyuzi halikuwa sanduku hasa. Mifuniko ya mbao ilitosha nyumba nane, naye fundi akajiambia kwamba wa kwake ataukata wiki ijayo. Vigae vyeupe vya fyuzi vilikaa wazi ukutani, usawa wa kichwa cha mtu mzima, na kibao chekundu juu yake. Teresia alikipenda. Na ajabu, vumbi la kipupwe lilifunika kila kitu isipokuwa kibao hicho. Kila Efraimu aliporudi jioni alikikuta kinang'aa. Alidhani ni ubora wa rangi.

Vinane vilivyobaki ndivyo alivyovimaliza Jumatatu ile. Asubuhi hiyo hiyo Teresia alikuwa ameondoka kwenda Mpemba kwa dada yake aliyejifungua, na kuahidi kurudi Ijumaa.

* * *

Jumanne asubuhi Gwakisa alimkuta Efraimu mlangoni mwa banda la injini. Gwakisa ndiye aliyeitunza injini na mkono mkubwa wa chuma uliopeleka stimu kwenye nyumba. Kila siku aliubana saa kumi na mbili na nusu jioni, akauachia saa tatu usiku. Alikuwa Mnyakyusa mwenye kifua kipana, alipigana Burma, na alikisema Kiswahili kana kwamba kila neno amelilipia.

"Mtu wa Nkana," alisema, "umepita mstarini leo?"

"Bado. Kuna nini?"

"Nenda. Ila chukua kofia. Wanawake wako na michi."

"Acha mzaha, bwana."

"Mimi nimeona vita, ndugu yangu. Ninaijua sura ya vita."

Efraimu alikwenda mbio. Nyumba ya kwanza, kibao hakipo. Ya pili, hakipo. Ya tatu ya Danford karani, hakipo, na skurubu zake zimepangwa kwa heshima kwenye kizingiti. Vyote vinane alivikuta vimerundikwa chini mbele ya nyumba ya Watson. Nesta, mke wa Watson, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, amekunja mikono. Wanawake wengine sita walikuwa wamesimama nyuma yake wakisubiri zamu ya kazi ya kuchambua kahawa, na hakuna aliyekuwa anapiga soga.

Nesta alikuwa wa ukoo mmoja na Teresia, kwa hiyo utani kati yao ulikuwa halali. Lakini alivyomtazama, Efraimu alijua leo hakuna utani.

"Shemeji," Nesta alianza, "karibu. Chukua ngozi zako."

"Nani ameng'oa vibao? Mmeng'oa kwa nini? Mmetumia nini?"

"Kisu."

"Kisu! Kwenye sanduku la fyuzi! Nesta, unajua stimu wewe?"

"Ninajua kusoma. Hilo linakutosha?" Akainua kibao kimoja, akakielekeza usoni pake. "Soma hapa."

"Ingozi."

"Ngozi," alisema Nesta. "Hiyo i ya mbele ni ya kwetu, kama tunavyosema imbuzi, inkuku. Mtu aliyeandika ni wa huku huku, ndiyo maana inauma zaidi. Ngozi. Sasa niambie, ngozi ya nani?"

Efraimu alikichukua kibao, akakigeuza kwenye mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu avishike vibao vile aliliona neno kama anavyoliona mtu ambaye hajawahi kushuka mgodini.

"Watson anapika kule kwa Bwana," Nesta aliendelea, "na sanduku la kule analiona kila siku. Limeandikwa neno jingine. Akamuuliza Danford. Danford akasema, hilo ni Kiingereza, maana yake hatari. Kumbe! Kwa Bwana stimu ni hatari. Ikifika kwetu inakuwa ngozi. Tumekaa hapa jana usiku kucha tunaulizana, ina maana gani? Kwamba hiki ni cha ngozi yetu? Kwamba ngozi yetu isiguse? Kwamba stimu ya kwetu ni ya rangi nyingine? Tayari hospitalini kuna mlango wa ngozi na posta kuna dirisha la ngozi. Sasa unatuletea ngozi ndani ya nyumba, ukutani, juu ya kitanda cha watoto! Wewe! Uliyekula ugali wangu!"

"Si ngozi hiyo," Efraimu alisema. "Nkana ndivyo wanavyosema hatari. Ingozi. Ni hatari. Muulizeni mtu yeyote aliyefika Nkana."

Mwanamke mmoja nyuma akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Wanaume waliofika Nkana," Nesta alijibu, "wako Nkana."

* * *

Kutwa nzima Efraimu hakukaa. Alikaza nati ambazo hazikulegea. Alipanda nguzo, akashuka, akasahau alichopandia. Hasira yake ilianza kwa wanawake, ikahamia kwa Ezron, ikapita kwa Bwana Mluzi ambaye hakutaka kutoa hela ya vibao vya Mbeya, kisha ikarudi nyumbani kwa mwenyewe. Ni yeye. Alirudi na neno la watu wengine akalitundika kwenye kuta za watu wake, bila kulitamka mbele ya mtu hata mmoja. Angelitamka mara moja tu, hapo mstarini, wangemwambia.

Jumatano Bwana Mluzi alimwita ofisini. Mluzi wake ulikuwa wa chini, wa polepole. Ule mbaya.

"Bati wapi?"

"Watu wamezikataa, bwana. Wanasoma neno jingine."

"Hiyo mimi hapana jali. Sikiliza, Efraimu. Mkaguzi huyu mimi najua yeye. Kabla ya Mbeya alifanya kazi Rodeshia, miaka kumi. Yeye ataona bati ya Rodeshia, atafurahi sana. Atasema, ah, safi, kama kule. Atatia sahihi. Kwisha." Akapiga meza kidole kimoja. "Ijumaa asubuhi bati zote ukutani. Yeye akiondoka, wanawake wako wanaweza kung'oa tena. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bwana."

Alielewa sana. Alitoka, akavichukua vibao vinane bandani alikovihifadhi, akavibeba kwapani, na kibali chake kikiwa ndani yake, kwa kusema kweli. Saa moja ya kazi, skurubu thelathini na mbili. Mkaguzi atasoma neno lake la zamani, atatabasamu, atatia sahihi, na Teresia hatamsindikiza tena mtu yeyote hadi kwenye lori la migodini. Kitu chepesi. Na wakishang'oa, basi mwezi ujao fyuzi ikiungua nyumbani kwa Danford, Danford atafanya alichokifanya mwezi wa tatu: atachukua msumari, achomeke mahali pa uzi wa fyuzi, na kuita huo ni ujanja. Mwezi wa tatu mkono wa injini ulikuwa umeachiwa. Mbali na Efraimu hakuna aliyejua, hata Danford mwenyewe, kwamba ni bahati tu iliyomwokoa.

Alimkuta Gwakisa akipaka injini mafuta, akamweleza.

"Weka bati," Gwakisa alisema bila kugeuka. "Chukua karatasi. Halafu andika HATARI ya kwako, upachike juu. Vita ni hila."

"Na kama hakuna atakayeniruhusu kuingia tena na bisibisi? Nesta alinitazama kama mwizi, Gwakisa."

"Basi nenda kamuulize Nesta." Gwakisa alijipangusa mikono, akacheka. "Burma walitufundisha hivyo. Ukipotea njia, muulize mwenye nyumba. Kama hatakupiga risasi, atakuonyesha."

* * *

Nesta alikuwa anapepeta maharage. Hakumkaribisha kiti, lakini hakumfukuza. Efraimu alichuchumaa kwenye kivuli cha ukuta.

"Shemeji, nimekosa," alisema. "Neno ni la Nkana, nami nililisahau la kwetu. Nataka niandike upya. Niandike HATARI?"

Nesta alipepeta mara tatu kabla ya kujibu. "Hatari imeandikwa darajani. Tunapita na mizigo. Imeandikwa kwenye josho, watoto wanaogelea humo. Imeandikwa kwenye gunia la dawa ya kahawa, na mume wangu amelifanya mto. Hatari ni neno la serikali, shemeji. Linasimama pale likitazama watu wanavyopita."

"Basi neno gani?"

"Hiyo stimu inafanya nini?"

"Inawasha taa."

"Na ukiigusa?"

"Inaua."

"Si umeshasema," alisema Nesta, akarudi kwenye maharage yake.

Inaua. Neno lilikuwa dogo mno, la kila siku mno. Watu walilisema juu ya nyoka, juu ya homa, juu ya pombe ya mtu fulani wa Nanyala. Lakini Efraimu alipolisema moyoni alihisi vidole vyake vikijikunja vyenyewe.

"Mkaguzi anajua ingozi," alisema taratibu. Alitaka mtu ajue. "Akikuta ingozi, ananipa kibali. Akikuta hili lako, sijui atasema nini. Nikikosa kibali narudi Nkana."

Ungo ulisimama. Sura ya Nesta ikalegea kidogo, kidogo tu.

"Teresia anajua?"

"Yuko Mpemba. Anarudi Ijumaa."

"Mimi siwezi kukuchagulia," alisema Nesta. "Ila ukutani kwangu ngozi hairudi."

Alhamisi alfajiri Efraimu alivunja masanduku ya vipuri, akakata vibao vinane vya mbao, akavipaka rangi nyekundu iliyobaki kwenye kopo la mashine ya kumenya kahawa. Danford, mwenye mwandiko wa kupigiwa mfano, aliandika herufi nyeupe kwa brashi ya kunyolea ndevu. INAUA. Nyumba kwa nyumba walipita, na katika kila nyumba Efraimu alifanya kitu ambacho hakukifanya mwanzo: alimwita mwenye nyumba, akamwomba asome, na asiyejua kusoma alisomewa. Bibi mmoja, mama yake Danford, aliposomewa alisogea nyuma hadi akagonga mlango. "Ilikuwa inaua siku zote hizi?" aliuliza. "Nanyi mmenyamaza?"

Vile vibao vya bati alivipeleka ofisini, akavipanga mezani kwa Bwana Mluzi wakati mwenyewe hayupo. Usiku ule hakuugusa ugali wake.

* * *

Mkaguzi alikuja Ijumaa saa nne asubuhi, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu na daftari la jalada gumu. Alitaka stimu iwe inapita atakapokagua, kwa hiyo Gwakisa aliubana mkono wa chuma tangu asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Alianza na banda la injini. Alisimama nje, akachungulia, akaandika. Nyumba ya fundi, pale nyuma, aliitazama kwa mbali na kuihesabu kuwa sehemu ya banda. Kisha akaelekea mstarini, Bwana Mluzi ubavuni, Efraimu nyuma yao na mfuko wa zana.

Bwana Mluzi alikiona kibao cha kwanza. Mluzi ukakatika katikati.

"Nini hii?" alimnong'oneza Efraimu. "Bati wapi?"

"Mezani kwako, bwana."

"Wewe mpumbavu. Mpumbavu kabisa."

Mkaguzi alisoma kibao, akafungua daftari, akasoma tena. Nyumba ya kwanza aliandika, akapita. Ya pili aliandika, akapita. Efraimu alihesabu hatua zake kama mtu anayepelekwa mahakamani. Nyumba ya nane, ya Nesta, mkaguzi alisimama mbele ya sanduku akauliza, bila kumtazama mtu:

"Nani alichagua hii neno?"

"Mimi, bwana," alisema Efraimu.

"Mimi," alisema Nesta, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Mkaguzi aligeuka. Alimpima Nesta kwa macho toka kilemba hadi miguuni, na kitu kikamjia kichwani, Efraimu alikiona kabisa kikimjia. Akanyoosha kidole kwenye sanduku.

"Wewe mama. Fungua hii."

Hapo shambani mzungu akisema fungua, mtu hufungua. Akisema beba, hubeba. Efraimu alijua kwamba mikono ya watu wa mstari ule huanza kutii kabla ya masikio kumaliza kusikia, ya kwake pia. Na ndani ya sanduku stimu ilikuwa inapita. Aliona mkono wa kulia wa Nesta ukiinuka. Alivuta pumzi ya kupiga kelele.

Mkono ulifika kifuani, ukashika upindo wa khanga, ukatulia hapo.

"Sifungui," alisema Nesta.

"Nini?"

"Sifungui, bwana. Imeandikwa."

"Mimi nasema fungua."

"Nimesikia. Fungua wewe."

Bwana Mluzi alianza kusema kitu kwa Kiingereza, haraka, uso umemwiva. Mkaguzi aliinua kalamu kumnyamazisha. Shingo yake ilizidi wekundu, na kwa muda ambao Efraimu aliuona kama saa nzima haikujulikana kama ni hasira au ni nini. Kisha akakohoa. Kikohozi kikawa kicheko, kikavu, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi.

"Kule Rodeshia," alimwambia Bwana Mluzi kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka wote wasikie, "bati mzuri sana. Na mimi nikisema fungua, wote wanafungua." Akamgeukia Efraimu. "Hii neno, unaandika namna gani? Moja moja."

Efraimu alimtajia herufi. Mkaguzi akaziandika kwenye daftari. Kisha akachomoa karatasi iliyokunjwa, akaijaza juu ya goti, akapiga muhuri na kuipuliza wino.

"Siwale, kwa w moja?"

"Moja, bwana."

Na ikawa hivyo. Karatasi iliyomkwepa kwa miaka minane ilijaa kwenye kiganja chake, nyepesi kama ganda la kitunguu. Bwana Mluzi alirudisha mluzi wake, na ulikuwa ule wa juu, wa haraka. Aliona faida tayari. "Gwakisa!" aliita kuelekea bandani. "Hapana zima! Kuanzia leo stimu mchana pia! Mkaguzi amepitisha!"

Wanawake walipiga vigelegele. Nesta alimpiga Efraimu kofi la bega. "Nenda ukamwonyeshe mkeo, shemeji. Amepita hapa saa tano na mzigo wa viazi, amekuuliza. Na mwambie leo nakula kwenu, mimi ndiye fundi mkuu."

* * *

Alikimbia. Mtu mzima, mwenye kibali, alikimbia katikati ya mikahawa, mfuko wa zana ukimpiga nyongani. Alitaka kumwona Teresia akisoma jina lake. Alipolipita banda la injini alisikia ngurumo yake, akafurahi nayo, kisha ile furaha ikajikwaa mahali ndani yake. Kulikuwa na kitu. Alihesabu vibao njiani bila kujua kwa nini. Bati nane mezani kwa Bwana. Mbao nane mstarini. Ezron alimpa bati tisa.

Tisa.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa kumefagiwa, mkeka umekung'utwa, beseni la maji liko sakafuni. Teresia, amerudi safari na kuikuta nyumba ya mwanamume aliyekaa peke yake siku tano, alikuwa amepanda kwenye kigoda, mgongo kwa mlango, anaimba chinichini. Mkononi alikuwa na kitambaa kinachochuruzika maji. Alikuwa anakipangusa kibao chekundu, kama alivyokipangusa kila asubuhi mumewe akishatoka, asubuhi zote ambazo mkono wa Gwakisa ulikuwa umeachiwa. Sasa kibao kilikuwa kimeshang'aa. Kitambaa kilishuka chini kuelekea kwenye vigae vyeupe.

Efraimu alipiga kelele. Neno halikutoka kichwani. Lilitoka kule ambako miaka sita ililiweka.

"Ingozi!"

Teresia aligeuza uso, akamwona, akacheka kile kicheko chake.

"Ngozi ya nani tena, baba? Hebu njoo uone ninavyo..." Mkono wake, ambao haukuhitaji macho kufanya kazi uliyoizoea, uliendelea kushuka.

"Inaua! Teresia, inaua!"

Mkono ulisimama. Tone moja lilijikusanya kwenye ncha ya kitambaa, likaning'inia juu ya kigae, upana wa kidole. Polepole sana, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota, Teresia aliuvuta mkono kuelekea kifuani, na tone likaangukia mguu wake.

Alishuka kwenye kigoda. Alikaa chini sakafuni, kitambaa kikilowesha gauni lake, akakitazama kibao kile kama ndiyo kwanza anakiona.

"Nilidhani ni mapambo," alisema. "Nilidhani umeniletea kitu kizuri."

Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Efraimu, imekunjamana na jasho, wino wa muhuri umemwingia viganjani. Aliiweka juu ya mkeka, akachukua bisibisi, akatoka mbio kwenda kumwambia Gwakisa aachie mkono wa injini.